Meza ya Kukatia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alikuwa na kazi moja: kuokota pini sakafuni. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele kilikuwa duka, sebule na mahali pa kulia chakula, vyote kwa mpigo. Baba aliwahi kukanyaga pini moja akaruka kama mpira. Tangu siku hiyo havui viatu ndani ya nyumba.

Jina la Redio alipewa na wenzake darasani, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Jambo likitokea asubuhi, mchana mtaa mzima unalo.

Lakini asubuhi ile aliona kitu kilichomziba mdomo. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi, amejikunja juu ya kitambaa cha sare za shule. Alitaka kuinuka. Akainuka nusu, akakwama. Jasho likamtoka.

"Mama!"

"Shh! Baba yako atasikia. Nipe bega."

Redio akampa bega. Mama akajinyanyua polepole, mkono kiunoni, meno ameyauma. "Na wewe na huo mdomo wako," akasema, "ukilitoa hili nje, tutaonana!"

Jamani, siri kwa Redio! Kutwa nzima ilimwasha ulimini. Darasani hakucheka wala kupiga soga.

"Leo vipi, betri zimeisha?" jirani yake wa dawati akamchokoza. Redio alitikisa kichwa tu.

Maumivu nayo hayajui kujificha. Haikupita wiki, mama akawa hawezi hata kukanyaga pedali ya cherehani. Shangazi akaja mbio. "Wifi, hizo ni figo. Mimi nakwambia, figo!" Baba akajaribu utani, eti uzee unabisha hodi, lakini hakuna aliyecheka. Akamwamuru mama alale, asinyanyue hata kikombe. Mama akalala, akalala, mpaka akakakamaa kama ubao. Akawa hoi kuliko mwanzo.

Siku moja mteja alikuja kuulizia sare za wanawe, akaondoka mikono mitupu. Redio, nyuma ya pazia, alimsikia mama akimwambia shangazi, "Wifi, nisipoweza kukaa kwenye cherehani, mimi nitakuwa nani?"  Redio alishika pazia kwa nguvu.

Kesho yake wote watatu, baba, mama na Redio, walikwenda hospitalini. Mtaalamu wa viungo alikuwa dada mchangamfu. Akamuuliza mama kama ana homa, kama ameanguka, kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo una shida. Hapana, hapana, hapana. Akampapasa mgongo, akasoma vipimo.

"Sioni dalili ya figo hapa," akasema. "Misuli ya kiuno ndiyo imechoshwa. Kwani mama, unafanyaje kazi?"

"Kawaida tu."

"Hakuna kilichobadilika siku hizi?"

"Hakuna."

Redio akajipinda kwenye benchi. Mama akamtupia jicho kali. Redio akauma mdomo, akatazama dari, akatazama viatu vyake, halafu akamwona mama akikunja uso kwa uchungu kwa kugeuka kidogo tu. Ah, ikashindikana!

"Si kawaida! Anakata vitambaa sakafuni!" Akavuta shuka kitandani, akalitandaza chini, akapiga magoti na kujikunja mpaka pua ikakaribia kugusa shuka. "Hivi! Tangu tulipoweka televisheni juu ya meza yake ya kukatia!"

 Baba akamgeukia mkewe.

"Televisheni? Mbona hukusema?"

Mama alitazama mikono yake. "Ungejiona siku ulipoileta, mume wangu. Wewe na mwanao mlifurahi mno. Ningeanzaje?"

 Baba alijikuna kisogo kama mtoto aliyevunja sahani.

Mtaalamu akawaeleza. Mgongo unauma kwa sababu nyingi, alisema: kuinama muda mrefu, kukaa bila kunyanyuka, kubeba vibaya, na mara nyingine ugonjwa, ndiyo maana kupimwa ni lazima. Na kulala siku nzima kunaudhoofisha zaidi. Akamfundisha mama mazoezi mepesi, akamwambia atembee, na asikae kwenye cherehani mpaka miguu isahau kazi yake.

Jioni hiyohiyo televisheni ilihamia juu ya kabati. Baba alirudisha meza mahali pake, akaweka matofali chini ya miguu ya meza mpaka ikafika kiunoni mwa mama. Maumivu hayakutoweka mara moja, hata kidogo! Lakini yalipungua taratibu, na siku moja Redio alirudi kutoka shule akasikia cherehani tangu njiani. Akakimbia.

Mama aliondoa mguu kwenye pedali, akamvuta karibu.

"Mwanangu, mgongo wangu ulikuwa unapiga kelele, nami nikauambia 'shh', kama nilivyokuambia wewe. Nilikosea mara mbili. Mwili ukiuma, sema mapema, utafute chanzo. Kuficha hakuponyi mtu."

"Kwa hiyo sasa naweza kusema?"

"Sema, Redio wangu."

Lakini Redio hakuwepo tena. Alishafika nyumba ya tatu, na sauti yake ilikuwa juu kabisa.