Upande Mrefu wa Ekseli

Mkunga alipima tumbo la Rahmah mara mbili, akauweka utepe pembeni, akachukua mwingine. Mwezi uliopita lilikuwa sentimita thelathini na mbili. Leo lilikuwa ishirini na sita. Mtoto alicheza, moyo wake ulipiga vizuri, lakini nafasi yake ilikuwa imepungua.

"Basi ile mara ya kwanza ulikosea, musawo," alisema Sufian, mumewe. Alisema kwa ukali, maana siku hizo kila kitu alikisema kwa ukali.

Hasira ilianzia gereji, uani kwao Kawempe. Kwa miaka miwili alikuwa akiunda gari lake mwenyewe: bodi ndogo aliyoachiwa na baba yake, na ndani yake injini ya pikapu. Ekseli nyembamba, vile vyuma vinavyobeba magurudumu, zilikatika mbele ya watu. Zenye nguvu zilitokeza magurudumu nje ya bodi kama masikio. Huzaifa, fundi jirani, alisema gari hilo lina kifua cha simba na kiuno cha nyigu, na jina la Nyigu likamganda Sufian mwenyewe.

Aliyoitaka aliipata Nateete, nyuma ya nyumba ya Hajati Mwanawetu, mwalimu wa Kurani, chini ya gari la mizigo lililozama kwenye nyasi tangu mume wa Hajati afariki. Ilikuwa nene, na fupi kuliko zote alizowahi kuziona. Hajati alimpa sharti moja: agonge mara tatu, ataje jina la Mungu, amwombe ruhusa aliyekaa humo. Sufian alilelewa na bibi Mnubi asiyemwaga maji ya moto bila kuwaonya wasioonekana. Aligonga, akaomba.

Kumbe bado ilizidi kwa sentimita kumi na nane. Huzaifa alicheka. Sufian akanyakua grainda, bila bismillahi wala neno lolote, akaukata upande wa kulia, ule mrefu, mara mbili, cheche zikiruka hadi mlangoni, vumbi la chuma likimwagika chini ya benchi. Kipande akakitupa chini ya benchi, kilichobaki akakichomelea.

Tangu hapo, kila adhuhuri mafundi walipozima mashine waende kuswali, kitu kilijigeuza ndani ya ekseli, polepole, kama mtu mrefu kwenye kitanda kifupi, kisha ikaja harufu ya chuma kinachokatwa, ilhali hakuna aliyekata, ikavuka ua, ikaingia chumbani, ikalala juu ya Rahmah, naye akajishika mbavu na kunong'ona kwamba kuna anayesukuma kutoka ndani, na huyo si mtoto.

Siku nne baada ya kliniki, Sufian alimpima mkewe kwa utepe wa gereji. Ishirini na mbili. Kati ya zile kumi na nane zimekwenda kumi, akawaza, zimebaki nane. Akapanda bodaboda mpaka Nateete, akamweleza Hajati yote.

"Ulimwomba umchukue," Hajati alisema. "Hukumwambia utamkatia nyumba."

"Mfukuze, Hajati."

"Kwa kosa gani, mwanangu? Nawe ukikatiwa chumba umelala humo, utaamka unacheka?"

Hasira ya Sufian ilitafuta pa kutua, ikapakosa. Alirudi, akakitoa kipande chini ya benchi, akagonga mara tatu, na mbele ya Huzaifa akaomba radhi kwa sauti. Huzaifa hakucheka. Alikishika kipande mpaka kikachomelewa mahali pake. Jioni hiyo waliirudisha ekseli kwenye nyasi zake, gari la Sufian likabaki juu ya matofali.

"Umerudisha chote?" Hajati aliuliza.

"Chote."

Wiki iliyofuata tumbo lilikuwa thelathini na tatu. Mtoto akazaliwa kwa siku zake, wa kike, mwenye sauti ya kuziba masikio, na Sufian akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Mkunga alimlaza mtoto, akamnyoosha miguu. Akainyoosha tena. Akachukua utepe.

"Wa kulia ni mfupi kidogo, sebo. Milimita sita tu. Usimtishe mama yake."

Harufu ya chuma ilikuwa imeingia wodini, na Sufian alikuwa akiliona akilini lile vumbi la chuma, jekundu kwa kutu, chini ya benchi, ambalo mvua ililizoa ikalitia mferejini. Diski ya grainda hula milimita tatu kila inapopita. Aliipitisha mara mbili.