Sabuni Kwenye Kifuniko cha Vali

Saa mbili kasoro robo asubuhi, tarehe 14 Septemba 1992, injini ya pampu ya kisima cha Haneti ilizimika ikiwa ya moto na kugoma kuwaka tena. Kufikia saa nne, mwendeshaji wake, Elieza, alikuwa amefungiwa ndani ya ofisi ya kijiji kwa kosa la hujuma. Gari la kumpeleka Dodoma lingeondoka saa sita.

Koplo Aneth, mpelelezi aliyekulia gereji kwa baba yake, alivuta kamba ya kuwashia injini, iliyokuwa bado na joto. Kamba ilikuja kirahisi mno, kama injini haina mgandamizo. Akafungua kifuniko cha vali.

"Vali ya moshi imekazwa, haina nafasi hata ya wembe," aliiambia kamati ya maji. "Injini ikiwa baridi, inafunga. Ikipata moto, chuma kinarefuka, vali inabaki wazi na nguvu yote inapotelea hapo."

"Anayejua hayo ni Elieza," alisema mwenyekiti.

Wengine walimtaja Cornel, muuza maji kwa punda. Lakini Cornel alikuwa Dodoma tangu juzi hadi asubuhi hiyo, na aliporudi akaulizwa vali iko wapi alionyesha tangi la mafuta.

Aneth alikirudia kifuniko. Gasketi yake, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, ilikuwa mpya, imekatwa kwenye boksi na kupakwa sabuni.

"Mimi napaka gundi ya dukani, afande," Elieza alimwambia kule ofisini. "Siku hizi ipo tele."

Saa tano na nusu akaitwa Mzee William, aliyeendesha injini hiyo miaka kumi kabla ya kamati kumpumzisha.

"Shikamoo, mzee. Nikatie gasketi ya hapa."

"Marahaba." Alichana boksi, akakata kwa wembe bila kupima, akatoa kipande cha sabuni mfukoni. Ndipo alipoiona ile gasketi nyingine mkononi mwa Aneth.

"Ufunguo wa banda la pampu unao bado?"

"Ninao."

"Elieza ulimfundisha wewe, mzee. Kwa nini ukaikaza vali?"

"Vipuri vilipokosekana niliwapa maji kwa maboksi na sabuni. Maduka yalipojaa wakasema kazi ni kununua na kufunga tu. Nilitaka injini iwashinde, waniite. Sikujua watamkamata kijana."

"Ulipojua, ulinyamaza."

"Niliona aibu."

"Na mbona uliziba vizuri hivi?"

"Ingevuja oili, injini ikafa kabisa."

Saa sita gari liliondoka na William. Elieza, aliyeachiwa, alirekebisha vali kwa hasira. Akashika gundi yake, akaiweka chini, akafunga kifuniko kwa gasketi ya mzee, ya boksi na sabuni. Jioni alikagua kifuniko, hakukuta hata tone la oili. Hapo ndipo alipolia.