Jeneza Nyuma, Mume Mbele

Mke wa kinyozi alikufa Jumanne asubuhi, na kufikia adhuhuri jeneza lake lilikuwa nyuma ya gari la rafiki yangu mmoja, dereva wa gari la maiti. Kinyozi alikaa mbele, kando yake, akihimiza.

"Kanyaga mafuta, kaka. Shemeji yangu yuko njiani, anataka dada yake apasuliwe, eti ijulikane kilichomuua. Mtu kalala hakuamka, kifo cha kawaida, wampasue ya nini?"

Nyuma yao kitu kilikwaruza mbao.

"Umesikia?" dereva aliuliza.

"Gari lako bovu hili, usinitie woga. Nimesema kifo cha kawaida!"

Mkwaruzo ukarudi, mrefu zaidi. Wakaingia kwenye handaki la barabara, taa zikazimika, injini nayo ikanyamaza. Gari likawa linateleza gizani. Dereva aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili.

"Kaka," kinyozi alisema kwa sauti iliyokabwa, "toa mkono wako shingoni mwangu."

Mikono yote miwili ya dereva ilikuwa bado kwenye usukani. Alisikia miguu ya kinyozi ikipiga sakafu ya gari, halafu kimya.

Walipotokea upande wa pili, kinyozi alikuwa amekufa. Hospitalini daktari hakuona jeraha lolote. "Moyo umesimama wenyewe," alisema. "Kifo cha kawaida."

Jioni shemeji alifika, akaomba amwone dada yake. Dereva mwenyewe ndiye aliyefungua skrubu za jeneza, zote zikiwa bado zimekaza. Ndani ya ngumi ya marehemu kulikuwa na kifungo cha kola ya shati alilovaa mumewe siku hiyo, uzi wake ukining'inia.