Nyuma ya Bitana

Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya, na mtaa mzima ulijua maana yake: fundi anaumwa.

Alikuwa amelala mkekani kati ya vipande vya vitambaa. Mkewe alimbonyeza tumbo huku na huku.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, mama watoto. Nimekwambia ni nyuma, chini ya mbavu."

"Basi tumbo ni zima. Huo ni mgongo. Uzee unabisha hodi."

"Huu haukubisha hodi. Umevunja mlango."

Mkewe alicheka, akavua kandambili. "Geuka nikukanyage. Dawa ya mgongo ni kisigino."

Kabla hajaweka mguu, jirani yao muuguzi aliingia kuulizia koti lake. Akamgusa fundi shingoni.

"Shemeji, una homa. Ulitetemeka usiku?"

"Hadi meno yakagongana."

"Na mkojo?"

Fundi alishusha sauti. "Unachoma. Leo ulikuwa mwekundu kidogo."

"Dada, shusha mguu," muuguzi alisema.

"Lakini nimembonyeza tumbo lote. Halina kitu."

Muuguzi alichukua koti lake mezani. Bitana yake, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa imefumuliwa upande mmoja.

"Tumbo nalo lina bitana," alisema. "Ni utando mwembamba unaoteleza. Ndio unaofanya utumbo ucheze bila kukwaruzana." Kisha akapenyeza mkono kati ya bitana na kitambaa cha mgongoni. "Na huku nyuma yake kuna figo mbili, moja kila upande. Kila moja inashusha mrija wake wa mkojo. Kuna kongosho, limelala kwa kukingama. Kuna mshipa mkuu wa damu, unaoshuka mbele ya uti wa mgongo. Ukibonyeza kwa mbele, huenda usifike huku. Ndiyo maana figo ikiumwa, mtu husema mgongo."

Fundi alilitazama koti, akasahau maumivu kidogo.

"Hata mimi pedi za mabega nazificha nyuma ya bitana," alisema. "Hazionekani, lakini ndizo zinazobeba koti. Kumbe nimeshonwa na fundi anayenizidi."

"Basi usiiache kazi yake ikanyagwe. Twende hospitali sasa hivi. Figo yenye vijidudu ikicheleweshwa huharibika, na vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu."

Hospitalini walimpima mkojo. Vijidudu vilikuwa vimepanda hadi figo ya kulia. Alipewa dawa, akaambiwa amalize dozi hata akijisikia mzima. Anywe maji. Aache tabia yake ya kubana mkojo ili amalize mshono.

Alipopona, cherehani ililia tena, na chupa ya maji ikakaa kando yake. Muuguzi alipofuata koti, fundi alikuwa anamalizia bitana kwa mkono.

"Kisigino changu kimestaafu," mkewe alimwambia muuguzi. Kisha akamgeukia mumewe. "Fanya haraka, mteja anangoja."

"Huku ndani hakuharakishwi," fundi alisema.

Akaifunga bitana taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mwenziwe.