Masomo Kumi na Mawili ya Mzee

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa cha kazi. Cherehani mbili zilikaa dirishani. Meza ya kukatia ilikaa katikati. Mshonaji, mama wa nyumba, alikuwa mwepesi wa mikono, na wa maneno pia. Karibu naye, kwenye kiti chenye mito, alikaa baba yake. Mtaa mzima ulimwita Mzee.

Mzee alikuwa fundi wa makoti kwa miaka arobaini. Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Sasa alisema neno mojamoja, tena kwa taabu. Lakini mwaka mmoja kabla ya ugonjwa, watoto wake walimrekodi akifundisha kushona koti. Yalikuwa masomo kumi na mawili ya video. Walijivunia sana urithi ule.

Siku moja mshonaji alikuwa anashona koti la daktari wa meno. Alipofika kwenye mikono ya koti, akakwama. Alitia mkono mara tatu, na mara tatu bega likajikunja.

"Somo la tisa," alisema. "La kutia mikono."

Alifungua simu akatafuta. Akakumbuka kwamba juzi alifuta video ili apate nafasi. Haikumsumbua. Alimpigia mdogo wake, dereva wa lori.

"Mdogo wangu, nitumie somo la tisa la Baba."

"Dada, nilishayafuta yote. Simu ilijaa. Si nilijua wewe unayo?"

"Mimi nilifuta nikijua shemeji yako anayo kwenye kompyuta!"

Mumewe, mwalimu wa hesabu, alitokea jikoni akiwa na sahani mkononi.

"Kompyuta? Nilipoisafisha nilifuta video zote. Nilijua mnazo kwenye simu."

Watu watatu, na kila mmoja amefuta kwa roho safi. Watatu kutoa watatu, mwalimu hakuhitaji ubao.

Mshonaji alimtazama baba yake. Machozi yakamlengalenga. Makoti angeweza kujifunza kwa fundi mwingine. Lakini sauti ya Mzee, ile ya kabla ya ugonjwa, angeitoa wapi?

Alivuka barabara mbiombio hadi kwa jirani, fundi wa mitandao. Mama huyo aliitwa Mama Nyaya, kwa sababu mkoba wake haukufungika kwa wingi wa nyaya.

"Video zilikuwa kwenye simu yenyewe au kwenye kadi?" aliuliza Mama Nyaya.

"Kwenye kadi. Nilizifuta juzi."

"Umepiga picha tangu hapo?"

"Mbili tatu hivi."

"Basi zima simu sasa hivi, unipe hiyo kadi. Faili likifutwa, mara nyingi halitoweki papo hapo. Nafasi yake tu ndiyo inahesabiwa kuwa tupu. Ukirekodi kitu kipya, kinaweza kukaa juu yake, na hapo ndipo linapopotea kabisa. Siahidi, jirani. Nitajaribu."

Siku mbili mshonaji hakushona kitu cha maana. Siku ya tatu Mama Nyaya akabisha hodi.

"Nimepata kumi na moja. Somo la nne limeharibika, halifunguki."

"Na la tisa?"

"La tisa lipo."

Mshonaji alimrukia akamkumbatia. "Asante! Asante, jirani! Mungu akuzidishie!"

"Jirani, pini!" alilia Mama Nyaya. Blauzi ya mshonaji ilijaa pini za kazi.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha Mama Nyaya akasema, "Nikiwaachia hivi, mtafuta tena. Mnahitaji mahali pamoja pa kuweka mambo yenu."

Jumamosi dereva alirudi safari, na familia ikakusanyika. Mezani kulikuwa na kisanduku cheusi, kikubwa kama mkate.

"Hiki ni kisanduku cha hifadhi," alisema Mama Nyaya. "Ndani kina diski mbili. Nakiunganisha kwa waya na ruta yenu, kile kifaa cha intaneti. Simu, kompyuta na runinga zilizo kwenye mtandao wa nyumba hii zitaweza kukifikia."

Kwanza alibadilisha neno la siri lililotoka kiwandani. "Hilo linajulikana na kila mtu," alisema. Kisha akamtaka kila mmoja atunge jina lake na neno lake la siri.

"Si tutumie moja tu sote?" aliuliza mwalimu.

"Mwalimu, wanafunzi wako wote huandika jina moja kwenye mtihani?"

Mwalimu alitunga lake bila ubishi.

Mama Nyaya akatengeneza folda mbili. Moja ilikuwa ya picha za kila siku. Nyingine aliiita Masomo ya Mzee.

"Hii ya Mzee, wote mtaitazama na mtaweza kuongeza. Lakini kwa majina yenu ya kila siku, hakuna anayeweza kufuta kitu humo."

"Hata mimi mwanawe?" aliuliza mshonaji.

"Hasa wewe!"

Mzee alicheka, mabega yakatikisika.

Baadaye alizipanga simu zao. Simu ikifika nyumbani, itatuma picha na video mpya kwenye kisanduku yenyewe. "Lakini msiamini tu," alionya. "Kabla ya kufuta kitu kwenye simu, fungueni kisanduku. Hakikisheni faili limefika na linacheza. Msiseme tena kwamba fulani anayo."

Dereva alileta kompyuta yake ndogo. "Na mafaili makubwa ya kwenye hii?"

"Zipo njia mbili za kuyahamisha. Ya zamani hupitisha neno la siri likiwa wazi, na mwenye nia mbaya anaweza kulisoma njiani. Hii nyingine hulificha. Tumia hii."

"Nikiwa safarini je?"

"Mlango wa nje sijaufungua. Sitaki kisanduku chenu kionekane na kila mpita njia wa mtandaoni. Siku nyingine nitakuwekea njia ya faragha. Kwa leo, nakili masomo kwenye simu yako kabla hujaondoka."

Mwalimu alipiga makofi. "Diski mbili! Moja ikifa, nyingine ipo. Tumepona."

"Bado," alisema Mama Nyaya. "Mkifuta faili, linafutika kwenye diski zote mbili. Kisanduku kikiibwa, zinakwenda zote. Hii hapa ni diski ya tatu. Nimeinakilia kila kitu. Itakaa kwa shangazi yenu. Kila mwisho wa mwezi mtaichukua, mnakili yaliyo mapya, mnaichomoa, mnairudisha kwake."

Mwisho aliiwasha huduma ya kurusha video kwenye runinga, akaruhusu folda ya masomo peke yake. Runinga ikakiona kisanduku. Masomo yakajipanga kwenye kioo: la kwanza, la pili, la tatu, kisha la tano.

Mshonaji alichagua la tisa. Sauti ya Mzee ikajaa chumbani, nzito na ya haraka kama zamani. "Anza kwenye alama ya juu ya bega. Tandaza kitambaa taratibu. Usikivute!"

Dereva alitoka kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu. Mshonaji alimshika Mama Nyaya mkono, safari hii bila pini. "Umeturudishia baba yetu," alimwambia.

Ghafla Mzee akainua mkono wa kushoto.

"Simamisha."

Video ikasimamishwa. Mzee aliinyooshea runinga kidole.

"Pale... nilikosea."

Alichukua chaki mezani. Polepole akaweka alama kwenye koti la daktari, vidole viwili mbele ya ile aliyoiweka binti yake. Mshonaji alitia mkono upya. Bega likalala sawasawa.

"Kumbe Baba ulitufundisha makosa!" alisema, huku akicheka na kulia.

"Basi hilo la tisa tulifute," alisema mwalimu.

"Hapana!" walipaza sauti wote, na sauti ya Mzee ilisikika waziwazi.

Waliliacha palepale, wakarekodi sahihisho na kuliweka pembeni yake. Mzee bado aliitazama runinga, pale la tatu lilipofuatwa na la tano.

"La nne," alisema. "Kesho."

Kesho yake walikaa mezani, baba na binti. Mzee alitoa maneno, mshonaji akatoa mikono, dereva akashika simu. Kabla ya jua kuzama, folda ilikuwa na masomo kumi na mawili tena. Masomo ya zamani yana dakika kumikumi. La nne lina saa nzima, maana Mzee anafundisha neno mojamoja. Mpaka leo hakuna aliyeomba lipunguzwe.