Mpangaji wa Chini ya Ngazi

"Laki tatu na arobaini, Khalil! Leo, hapa hapa!"

Mrisho machinga alikuwa amemkaba mwenye nyumba kola ya shati. Mkono wa pili umeshika mikanda ya ngozi, imetafunwa vipande, hata vifungo vyake vya chuma. "Nakulipa elfu mbili kila siku unitunzie mzigo, unanirudishia makombo?"

"Panya hao, ndugu yangu. Nitatia dawa."

"Panya gani anatafuna chuma, we mwizi?"

Khalil akajinasua. Katika jengo lake la Kariakoo kila kona ilimlipa: ukuta kawapangisha wauza mikoba, kibaraza kampa mama lishe, soketi za umeme ni za kuchajisha simu. Palikuwa pamebaki kijichumba chini ya ngazi, ambamo marehemu bibi yake, Bi Shaima, aliweka chetezo cha ubani na kisahani cha halua kila Alhamisi, akafunga mlango mpaka asubuhi. Bibi alipozikwa tu, Khalil akauza chetezo kwa mnunua vyuma chakavu, akapageuza stoo ya machinga.

"Baba Najma, nilikwambia," Shadya, mkewe, alinong'ona. "Mle mna mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi! Hati ninayo!"

Akapiga magoti, akafungua. Ikatoka harufu ya ubani, na hakuna aliyechoma ubani. Akaingiza mkono mpaka begani. "Haya, panya yuko wapi?"

Ndani, kitu kikamlamba.

Khalil akapiga ukelele, akavutwa, uso ukajigonga kwenye ngazi mara ya kwanza, mara ya pili, meno yakamwagika sakafuni, na Mrisho, aliyetaka kumnyonga sasa hivi tu, akamdaka miguu, Shadya akamshika Mrisho kiuno, wakavuta huku mfupa ukilia kama muwa unaovunjwa, na nje, saa saba ya mchana, watu wananadi bei wala hakuna aliyegeuka, mpaka kile cha ndani kikaachia chenyewe, wakaanguka chali.

Mkono ulirudi. Kidole gumba hakikurudi.

Mrisho akatupa mikanda, akakimbia. Hakudai tena.

"Nitakulipa," Khalil akalia, damu mdomoni. "Hela yote ya stoo, chukua."

Sauti ikatoka gizani, taratibu, kama ya mtu anayetafuna.

"Hela ya nini? Bibi yako alinilipa kila Alhamisi. Wewe umeruka kumi na tisa."

Ikameza.

"Moja nimepokea. Lete kumi na nane."