Mashine Ipi Inalia

Asubuhi ile ukumbi wa kliniki ulijaa hadi mlangoni, na kati ya mashine sita za kutoa namba za foleni, moja ilikuwa imegoma. Fundi alikuwa amepiga magoti, shati limelowa mgongoni, kompyuta mapajani. Binti mmoja wa gauni la rangi ya machungwa, viatu mkononi kwa kuwa vilimbana, akamwinamia.

"Kaka, ipi mbovu?"

"Sijui, dada. Imeandika 'imeshindwa' tu."

"Haikutaja jina?"

"Haikutaja."

"Mtoto akilia, mama hujua ni nani. Wewe umezaa sita na sauti zao huzijui."

Fundi akacheka, na alikuwa na siku nyingi hajacheka. Mapenzi yao yakaanzia hapo sakafuni.

Fundi ndiye aliyeandika kiendeshi, ile programu inayoiwezesha kompyuta kusemezana na mashine. Mfumo una njia zake za kawaida za kutoa ujumbe, na hizo hutaja jina la mashine na uzito wa jambo: hii taarifa, hili onyo, hili kosa. Yeye alijitungia njia yake.

Haukupita muda binti, naye aliyesomea kompyuta, akaajiriwa ofisini kwa kina Fundi, awe mkaguzi wa kazi zao. Jioni walipigiana simu.

"Umefika, mpenzi?"

"Mimi nimefika. Miguu bado iko njiani."

Lakini kazini Mkaguzi alikikataa kiendeshi cha Fundi, akakirudisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Tumia njia za kawaida, mpenzi. Hii yako haisemi nani analia." Mara ya nne wenzake wakamwita Mume wa Mkaguzi. Fundi akanuna.

"Kuna nini?"

"Hamna kitu. Nimechoka tu."

Siku kumi na moja jibu likawa hilo hilo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkaguzi, ambaye naye alikuwa amechoka kweli, akaomba uhamisho kwenda tawi la mbali. Akakubaliwa, aondoke Jumatatu.

Ijumaa mashine ikagoma tena kliniki. Fundi alizifungua moja moja, na mbovu ikawa ya sita. Mama mmoja mwenye mtoto wa homa alimwuliza mara tatu, "Mwanangu, bado?" Mara ya tatu Fundi alishindwa kumtazama usoni.

Alipomaliza, alikaa pale pale sakafuni akafuta njia yake yote, mistari arobaini na mitatu, akaweka zile za kawaida. Akachomoa waya wa mashine ya nne kujaribu. Skrini ikaandika: mashine ya nne, kosa, haijibu.

Akapiga simu.

"Ni mimi."

"Najua."

"Niache nimalize. Haukuwa uchovu. Niliona aibu mbele ya wenzangu, nikakunyamazia wewe. Hilo ni kosa langu, na ni kubwa. Usiende Jumatatu. Nataka tuishi pamoja, nije kwenu na wazee wangu."

Upande wa pili utepe wa gundi ulisikika ukivutwa juu ya boksi, ukakoma.

"Ungesema siku ya kwanza, nisingefunga vyombo vyote hivi."

"Nije nikufungulie?"

"Njoo. Ila mimi niko pekupeku. Maboksi ni sita, na sikuandika juu lipi lina viatu."

Fundi alikwenda, akayafungua yote. Viatu vilikuwa kwenye la mwisho, vile vile vinavyombana.